Mesa, tavola, table, masă: uanze na lugha ipi iliyozaliwa na Kilatini?

Anayetaka kujifunza lugha mojawapo ya Kirumi, yaani zile zilizozaliwa na Kilatini, kwanza hupewa hesabu ya wasemaji. Kihispania kina mamia ya mamilioni, Kifaransa kimeenea mabara yote, Kiitaliano hakizidi sana mipaka ya kwao, Kiromania hakitajwi kabisa. Hesabu hizo ni za kweli, lakini hazimwelezi mtu anayefikiri kwa Kiswahili kile atakachokutana nacho akishaanza: mdomo utasumbuka wapi, sikio litapotea wapi, na nini anacho tayari bila kujua. Mimi naamini njia nyingine. Shika neno moja la Kilatini, lifuate mpaka kwenye kila lugha, uone limefanywa nini. Na kwa kuwa tuna bahati ya kuwa na mojawapo nyumbani, nimeshika mensa, meza.

Kwa Warumi, mensa ilikuwa meza ya kulia, na pia mlo wenyewe. Mensa secunda, "meza ya pili", ilikuwa matunda na vitamu vya mwisho. Mbadilisha fedha wa sokoni naye alikuwa na mensa yake, na maafisa wa fedha waliowekwa na serikali waliitwa mensarii. Wanaisimu wengi hulihusisha neno hilo na kitenzi cha kupima, metiri.

Mapema sana watu wa kawaida waliacha kuitamka n iliyo mbele ya s. Tunalijua hilo kwa sababu ipo orodha ya kale iitwayo Appendix Probi, yenye masahihisho 227 ya mtindo wa "sema hivi, usiseme vile", na mojawapo linasema: mensa non mesa. Aliyeiandika alikuwa akiwakanya watu waache kusema neno ambalo leo ndilo Kihispania sanifu na Kireno sanifu. Naipenda orodha hiyo kuliko hati nyingine yoyote ya Kilatini, kwa sababu ndani yake unawasikia watu wa mtaani.

Kisha likatokea jambo linalosaidia sana kuzilinganisha lugha hizi. Kilatini kilikuwa na neno jingine, tabula, lenye maana ya ubao. Katika Italia na Galia, ambayo leo ni Ufaransa, watu walianza kuiita meza "ubao", na mesa ikasukumwa pembeni. Rasi ya Iberia, yaani Uhispania na Ureno za leo, upande wa magharibi, na Dakia upande wa mashariki, zilibaki na neno la zamani. Dakia ilitwaliwa na Kaisari Trajan wa Roma mwaka 106 na kuachwa na Roma miaka ya 270, nayo ndiyo Romania ya leo. Kwa hiyo Lisbon na Bucharest, miji iliyo ncha mbili za ramani, ina neno moja la meza, wakati Paris na Roma zilizo katikati zina jingine.

Si meza tu. Angalia jedwali hili polepole, safu kwa safu:

| Kiswahili | Kireno | Kihispania | Kiromania | Kiitaliano | Kifaransa |
|---|---|---|---|---|---|
| meza | mesa | mesa | masă | tavola | table |
| bega | ombro | hombro | umăr | spalla | épaule |
| zaidi | mais | más | mai | più | plus |
| chemka | ferver | hervir | fierbe | bollire | bouillir |
| -zuri | formoso | hermoso | frumos | bello | beau |
| kuta, pata | achar | hallar | afla | trovare | trouver |

Safu za Kireno, Kihispania na Kiromania zinatoka kwenye maneno ya Kilatini cha zamani zaidi: humerus, magis, fervere, formosus, afflare. Zile mbili za mwisho, za Kiitaliano na Kifaransa, zinatoka kwenye maneno yaliyoshika nguvu baadaye katikati ya himaya: spatula, plus, bullire, bellus. Mwanaisimu wa Kiitaliano Matteo Bartoli alilieleza jambo hili katika karne ya 20. Kipya huzaliwa katikati, na huchelewa kufika pembezoni, au hakifiki kamwe. Tahadhari mbili tu. Formoso ya Kireno leo ni neno la mashairi zaidi kuliko la mtaani, ambako utasikia bonito au lindo. Na afla ya Kiromania imehamia kwenye kupata habari, kujua jambo. Kitu kilichopotea unakipata kwa neno jingine.

Sasa tuzichukue moja moja.

Kireno

Herufi s ikikaa kati ya irabu mbili, Mreno huitamka z. Mesa yake masikioni ni "meza". Mhispania huliandika neno hilohilo, herufi kwa herufi, ila yeye hutamka s. Ndiyo maana hatuna haja ya kubahatisha meza yetu ilitoka kwa nani: z yake ni muhuri wa Wareno, waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498 na kung'olewa Fort Jesus mwaka 1698. Ukishaujua muhuri huo utaiona na mingine. Nh ya Kireno ni ny yetu, hivyo vinho ikawa mvinyo. X hutamkwa sh, hivyo caixa, kutoka capsa ya Kilatini, ikawa kasha. Lenço, kutoka linteum, kitambaa cha kitani, ilipoteza ule mlio wa puani ikawa leso.

Lililosafiri mbali kuliko yote ni gereza. Wanaisimu hulirudisha kwenye igreja, kanisa, kutoka ecclesia, neno ambalo Kilatini chenyewe kilikuwa kimelichukua kwa Wagiriki likiwa na maana ya mkutano wa watu. Kwa ibada ya Kikristo Kiswahili kina kanisa, neno la Kiarabu. Gereza ikaenda kukaa kwenye majengo ya mawe ya wageni: ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza mpaka leo, na Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilifanywa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Kihispania kina iglesia, Kiitaliano chiesa, Kifaransa église. Wote hao ni ndugu wa gereza letu. Kiromania peke yake kilikwenda kwenye basilica, kikapata biserică.

Kwa hiyo anayeanza Kireno akitokea Kiswahili haanzi na mikono mitupu. Lakini asidanganyike. Kireno cha Ureno humeza irabu zisizo na mkazo, kiasi kwamba pequeno, "-dogo", husikika kama konsonanti zilizobanana. Cha Brazili huziacha irabu wazi zaidi, na Waafrika wengi wanaokizungumza, Wamsumbiji wakiwemo, nao hawazimezi kama Wareno. Kisha kuna irabu za puani, pão, mãe, põe, ambazo mdomo wa Mswahili huzikwepa, kama ulivyozikwepa kwenye lenço. Na kuna umbo la kitenzi ambalo Wahispania wameliacha katika mazungumzo: quando chegares, "utakapofika". Mtu wa Kiswahili, aliyezoea kubeba wakati na sharti ndani ya neno moja, halishangai sana umbo hilo.

Faida yake iko karibu. Ng'ambo ya mto Ruvuma, kule Cabo Delgado nchini Msumbiji, Kiswahili na Kireno hukutana sokoni kila siku. Katika SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Kireno ni lugha rasmi, na Kiswahili kilijiunga nacho mwaka 2019.

Kihispania

Hapa mdomo unapumzika. Irabu ni tano, a e i o u, zinatamkwa karibu sawa na zetu, na hazibadiliki hata zikikaa mahali pasipo na mkazo. Mkazo wenyewe mara nyingi uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Kinachoandikwa ndicho kinachosomwa. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaweza kusoma ukurasa kwa sauti na Mhispania akaelewa, jambo ambalo usitarajie kwa Kifaransa hata baada ya miezi. Kazi iko kwenye r: pero ni "lakini", perro ni "mbwa", na ile ya pili inataka ulimi utetemeke.

Ukiweka Kireno na Kihispania pamoja utaona kila kimoja kimetunza kile ambacho mwenzake amekitupa. Kihispania kilipoteza f ya mwanzo katika maneno mengi ikabaki h isiyotamkwa: hervir, hijo (mtoto wa kiume), harina (unga). Kireno kimeishika: ferver, filho, farinha. Kwa upande mwingine Kireno kilidondosha l na n zilizokuwa kati ya irabu: mwezi ni luna kwa Kihispania, lua kwa Kireno, maumivu ni dolor, na dor. Anayejua mabadiliko haya machache anaweza kukisia mamia ya maneno ya upande wa pili.

Mesa ya Kihispania imezaa meseta, uwanda wa juu unaofunika sehemu kubwa ya Uhispania ya ndani, na huko kusini magharibi mwa Marekani mesa ni mlima uliokatwa kichwa ukawa bapa. Iliyo nzuri zaidi ni sobremesa. Kwa Mhispania hayo ni mazungumzo ya baada ya kula, vyombo vikiwa bado mezani, hakuna anayenyanyuka. Kwa Mreno sobremesa ni kitamu cha mwisho, embe au keki, ile mensa secunda ya Warumi. Neno ni moja, herufi ni zilezile, mmoja anataja maneno na mwingine anataja chakula. Ukialikwa São Paulo na Kihispania chako, kumbuka hilo.

Vipo vitenzi viwili vya kuwa, ser na estar, na Kireno pia kinavyo. Vitabu vingi huvieleza kwa kurasa nyingi kwa sababu vimeandikiwa watu ambao lugha zao hazigawi jambo hilo. Sisi tunasema "ni mwalimu" lakini "yuko nyumbani". Mipaka hailingani kabisa, ila wazo la kwamba kuwa kuna sura zaidi ya moja unalo tayari.

Afrika, nchi huru ambayo Kihispania ni lugha rasmi ni Guinea ya Ikweta. Kwa kazi za kanda yetu basi, hakina matumizi mengi. Ni lugha ya anayetazama Amerika.

Kifaransa

Tabula iliingia Kifaransa ikawa table, na mensa ikafukuzwa mezani kabisa. Iliyobaki ya kurithi ni moise, kipande cha mbao kinachofunga maungio ya paa, neno la maseremala ambalo Mfaransa wa mjini huenda hajalisikia. Table imezaa tableau, picha au ubao wa darasani, na tablier, aproni. Se mettre à table ni kuketi ule. Katika lugha ya mtaani ni kukiri makosa mbele ya polisi.

Hii ndiyo lugha iliyokwenda mbali na Kilatini kuliko ndugu zake wakubwa kwa upande wa sauti, na mzigo wake wote uko sikioni. Chukua plus, ile ya kwenye jedwali. Mtu akikaribishwa chakula, akisema j'en veux plus na s ikasikika, anataka aongezwe. Akisema j'en veux plus na s isisikike, kwa kuwa watu huidondosha ile ne ya kukanusha, hataki tena. Maandishi yanalingana, sauti moja ya mwisho ndiyo inayoamua kama utapakuliwa au utaondolewa sahani. Kwa mtu aliyelelewa na lugha inayotamka kila herufi, huko ndiko kwenye jasho.

Lakini kuna mahali ambapo Kifaransa kinatukaribia kuliko wengine. Casa ya Kilatini, nyumba, imebaki nyumba kwa Kireno, Kihispania na Kiitaliano, na casă kwa Kiromania. Kifaransa kiliichukua nyumba yake kutoka mansio, ikawa maison, na ile casa ikasagika mpaka ikawa chez: chez moi, kwangu, chez le médecin, kwa daktari. Mwingereza hupewa zoezi refu kuelewa chez. Mswahili anahitaji kuambiwa tu kwamba ni kwa- yetu.

Na hoja ya matumizi haina mshindani. Kongo, Burundi, Rwanda, Komoro: huko Kiswahili, au ndugu yake wa Komoro, kinaishi nyumba moja na Kifaransa. Mfanyabiashara wa Kigoma au Dar es Salaam mwenye mizigo ya kwenda Lubumbashi au Bujumbura hana haja ya kusoma ulinganisho huu mpaka mwisho.

Kiitaliano

Kiitaliano kimefanya kitu cha pekee: kimekuwa na meza tatu. Tavolo ni samani yenyewe, ile unayoisogeza. Tavola ni meza kama mahali pa kula, a tavola! ndivyo mama anavyowaita watu chakula kikiwa tayari. Na mensa, baada ya kusukumwa nje na tabula, ilirudi kwa mlango wa wasomi na kanisa. Leo ni bwalo la chakula la chuo au la kiwanda. Ukimfuata mensa kutoka kwa Warumi mpaka kwenye foleni ya wanafunzi wenye sinia mkononi huko Bologna, umefuata historia nzima ya lugha hiyo.

Kwa masikio yetu hii ndiyo inayoingia kwa upole kuliko zote, kwa kuwa karibu kila neno huishia na irabu. Linaloteleza ni konsonanti zinazovutwa: nono ni "wa tisa", nonno ni babu, pala ni koleo, palla ni mpira. Wingi hufanywa kwa kubadili irabu ya mwisho, tavolo, tavoli. Waliokaa Malindi, Watamu au Kiwengwa wanajua lugha hii imeshaingia ufukweni kupitia utalii, na wapo vijana wanaoizungumza vizuri bila kukanyaga darasa.

Kiromania

Masă ni meza, na ni mlo vilevile. Masa e gata: chakula tayari. Hivyo Kiromania kimehifadhi ile maana pana ya Warumi, chombo na kilichomo juu yake. Tazama pia irabu ya mwisho. Masă ni meza yoyote, masa ni ile meza tunayoijua, kwa sababu Kiromania hubandika kiambishi cha kutambulisha mwishoni mwa neno badala ya kukiweka mbele kama wenzake. Kimebaki pia na jinsia tatu na mabaki ya maumbo ya nomino ya Kilatini. Wakati huohuo kimeishi kati ya Waslavi kwa karne nyingi, hata "ndiyo" ni da na kupenda ni a iubi, maneno ambayo Kilatini hakikuyajua.

Sikushauri uanze nacho, isipokuwa una mtu, chuo au kazi huko. Vitabu vyake vya kufundishia ni vichache, na vilivyoandikwa kwa wasemaji wa Kiswahili ni vigumu kuvipata. Lakini kama umeshajua Kireno au Kihispania, jipe wiki chache za Kiromania. Kukutana na umăr, mai, fierbe na frumos baada ya ombro, mais, ferver na formoso ni furaha ambayo jedwali haliwezi kuipitisha.

Ningechagua nini

Kama unaishi au unafanya biashara katika nchi za Maziwa Makuu, Kifaransa, na uanze kwa sikio kabla ya kitabu. Tumia miezi ya kwanza kusikiliza redio na watu, maana ukianza na maandishi utajenga matamshi ambayo itabidi uyabomoe.

Kama hakuna kazi inayokusukuma na unataka lugha moja tu, ya kufurahia na kufika nayo mbali, wengi watakwambia Kihispania, na hawakosei. Mimi ningeanza na Kireno. Sababu ya kwanza ni jirani na maneno yaliyomo midomoni mwetu tayari. Ya pili ni ya kiufundi zaidi, na ndiyo iliyoniamulia: msemaji wa Kireno humwelewa Mhispania akiongea kwa urahisi kuliko Mhispania anavyomwelewa yeye, kwa sababu irabu za Kihispania ni chache na ziko wazi. Anayepanda mlima wa irabu za Kireno kwanza hushukia Kihispania kwenye mteremko. Anayeanza Kihispania husoma gazeti la Maputo vizuri kabisa, kisha akifungua redio ya Lisbon anahisi amefungiwa nje.

Kwa wanaotafuta ya pili, jedwali la juu litumike kama dira. Mwenye Kifaransa tayari, aliyesomea Bukavu au Bujumbura, achukue Kiitaliano: plus na più, trouver na trovare, bouillir na bollire ni msamiati wa katikati uleule, na safari hii herufi zote zinatamkwa. Mwenye Kihispania achukue Kireno kwa masikio kwanza, macho yatajifikia yenyewe. Na aliyepita seminari akabaki na Kilatini cha mensa, mensam, mensae, aende moja kwa moja kwenye Kiromania, ambako ataona maumbo ya nomino bado yanabadilika, kisha aulize mlo wa mchana ni saa ngapi kwa kutumia neno lilelile la zoezi lake la kwanza darasani.